Joho Likisharudishwa

Msimu wa mahafali ukifika, kuta za Langoni na Mkomani, mitaa ya mji wetu wa Amu, yaani Lamu, hujaa mabango. Picha ya kijana ndani ya joho, jina la chuo, jina la shahada, na chini kabisa pongezi kutoka kwa ukoo mzima uliochanga karo. Jamaa huvuka kutoka Pate na Faza, biriani hupikwa, na kwa siku mbili tatu mtaa hauna habari nyingine. Kisha joho hurudishwa chuoni, maana lilikuwa la kukodi, na barazani swali huanza: sasa huyu kaajiriwa wapi? Jibu likikawia, hukumu haikawii. Kasoma bure.

Wako wanaomtetea. Hawa utawasikia redioni na kwenye hotuba za mahafali wakisema shahada si kazi tu, chuo humpa kijana stadi za maisha. Maneno haya yamekuwa mepesi mno kutamkwa, hata anayeyasema haulizwi ni stadi zipi, zinafundishwa na nani, na katika ukumbi gani. Mimi nimeanza kuyashuku, kwa sababu mara nyingi hutolewa pale ambapo ajira ndiyo iliyopaswa kutajwa.

Hata hivyo siungi mkono hukumu ya barazani. Miongoni mwa vijana wa Amu wanaokwenda vyuoni, wako wanaorudi na uwezo ambao haukuandikwa kwenye cheti chochote, na wako wanaorudi na shahada ileile, ya daraja lilelile, wakiwa hawawezi kuandika barua ya malalamiko kuhusu bili ya maji. Walikaa darasa moja. Kwa ninavyoona, tofauti yao haiko kwenye akili wala kwenye kozi. Mmoja aliachiwa jukumu la kweli, lile ambalo likiharibika linaharibika mikononi mwake mwenyewe. Mwenzake alibebewa kila kitu mpaka siku ya kuvaa joho.

Tuanze na pesa, maana hapo hakuna pa kujificha. Kijana aliyepangiwa nafasi na KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, huko Kakamega au Eldoret hutoka kwenye nyumba ambayo hajawahi kuilipia kodi wala umeme. Ghafla HELB, bodi ya mikopo iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995, inamwekea fedha za matumizi kwa mkupuo, na anatakiwa azifikishe mwisho wa muhula. Kijana mmoja wa Shela aliwahi kunionyesha daftari lake la mwaka wa pili. Juu kabisa kodi ya bedsita, chumba kimoja cha kupanga. Chini yake kujaza mtungi wa gesi wa kilo 6, unga, mchele, mafuta, bando za intaneti. Kulikuwa na safu nzima ya Fuliza, ule mkopo mdogo wa M-Pesa, kila deni na tarehe yake, na alama ya vema pale lilipolipwa. Katikati ya ukurasa palikuwa na mstari wa kalamu nyekundu: "Nauli ya kurudi. Usiguse." Nauli yenyewe ni ya matatu hadi Nairobi, basi la Mombasa, basi jingine la Mokowe kupitia Malindi na Garsen, kisha boti. Mwanafunzi wa Nairobi akiishiwa hupanda matatu moja akala kwa mamake. Wa Amu akiila nauli, Idi inamkuta Kakamega.

Hakuna mhadhiri aliyemfundisha kuuandika mstari ule. Na faida yake haikuishia chuoni. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na aliyefikia muda wa kulipa akanyamaza hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wahitimu wengi huanza kuielewa hesabu hii wakati ujumbe wa kudaiwa umeshaingia kwenye simu. Yule wa kalamu nyekundu aliielewa mapema, akaiandikia bodi kueleza hali yake kabla haijamwandikia yeye. Tangu mwaka 2023, ufadhili ulipogawanywa kuwa sehemu ya serikali, sehemu ya mkopo na sehemu ya familia kulingana na uwezo wa nyumba, jambo hili limezidi kuwa zito. Wapo waliowekwa kwenye kundi la wenye uwezo huku baba ni mvuvi wa dau la kuazima. Ilibidi wakate rufaa wenyewe, kwa maandishi na kwa vielelezo. Aliyezoea kusemewa alisubiri asemewe, na muda ukapita.

Kuna somo jingine ambalo hakuna chuo kitakachokiri kulifundisha, nalo ni la alama kupotea. Aliyepita vyuo vyetu anajua ninachosema. Umefanya mtihani, umetia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, na matokeo yanatoka pakiwa patupu mahali pa alama zako. Mhadhiri alikuwa wa muda, ameshahamia chuo kingine na simu yake haishikwi. Idara inakwambia nenda ofisi ya mitihani. Ofisi ya mitihani inakwambia rudi idara. Hapo mwanafunzi mwerevu huanza kujifunza mambo: kwamba karatasi ya jaribio la kati aliyorudishiwa haitupwi, kwamba barua hupelekwa nakala mbili, moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa akabaki nayo, kwamba katibu wa mkuu wa idara anajua faili liko kabati gani kuliko mkuu wa idara mwenyewe, na ni vyema ukamjua kwa jina na ukamwamkia. Hujifunza lini aseme taratibu na lini avuke aende kwa mkuu wa kitivo. Kubwa kuliko yote, hugundua kwamba waliopotelewa na alama si yeye peke yake, na kwamba watu kumi wenye orodha moja husikilizwa ofisini tofauti na mtu mmoja mwenye machozi.

Sisemi haya kuvisifu vyuo. Huu ni uzembe, na umewachelewesha watu kuhitimu mwaka mzima. Ila anayetoka huko na alama zake ametoka na ujuzi utakaomfaa kwenye kila dirisha la ofisi ya umma atakalosimama maishani. Na hapa ndipo wazazi wetu huingia wakaharibu kwa nia njema. Alama zikipotea, ami ana rafiki yake pale chuoni. Ami anapiga simu, alama zinaonekana siku hiyohiyo, na mtoto hajajifunza chochote ila umuhimu wa kuwa na ami.

Kuhusu kuishi na watu, Lamu ina sababu zake za kulitazama jambo hili kwa makini. Kaunti hii ina Waswahili na Wabajuni wa visiwani, Waboni na Waorma wa bara, na wakulima wa Mpeketoni na Hindi waliotoka sehemu nyingine za Kenya na kupewa mashamba huku. Ardhi imetutenganisha kwa muda mrefu, na mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, yaliacha shaka ambazo hadi leo hazijaisha zote. Kijana wa Amu aliyekaa chumba kimoja na mtoto wa mkulima wa Nyandarua, wakagawana jiko na kugombana juu ya nani hakuosha sufuria, akamweleza kwa nini hapokei simu wakati wa adhana na yeye akaelezwa kwa nini mwenzake hakosi kwaya, hapati shahada kwa hilo. Lakini siku ya mkutano wa mashamba atajua pa kuanzia mazungumzo. Nimeona wanaojua na nimeona wasiojua. Hao wa pili, wengi wao walisoma mbali kama wenzao, ila walipanga na binamu zao, wakala na binamu zao, na kurudi wakiwa na Kiingereza kizuri zaidi tu.

Suala la mabinti ni gumu zaidi, na najua kuna watakaokunja uso. Binti akipata nafasi Kilifi, kwenye Chuo Kikuu cha Pwani, au Mombasa kwenye Chuo Kikuu cha Kiufundi, sharti la kwanza nyumbani huwa akae kwa shangazi. Hofu ya wazazi si ya kuchekwa. Miji ni miji, na heshima ya binti kwetu ni heshima ya nyumba. Lakini tazama maisha yanavyokwenda huko. Nauli hupewa asubuhi kwa hesabu ya kwenda na kurudi. Magharibi awe ndani, kwa hiyo kazi za vikundi zinazofanyika jioni maktabani zinampita, jina lake linaongezwa tu mwishoni na wenzake wananung'unika. Pesa za HELB zinaingia kwenye simu yake, na simu iko kwa shangazi. Anahitimu, tena kwa alama nzuri kuliko kaka yake, na siku ya mahojiano bado anangoja kushikishwa nauli mkononi. Halafu tunashangaa mbona haongei mbele ya watu.

Dawa si lazima iwe bedsita. Akae kwa shangazi kwa amani, lakini mkopo wake aushike mwenyewe, na kila mwezi atoe fungu lake la tokeni za umeme na la chakula, kwa mkono wake na kwa hesabu yake. Agombee uhazini wa chama cha wanafunzi Waislamu. Shangazi mwenye busara anaweza kuwa msimamizi mzuri kuliko chuo kizima, akikubali kwamba kazi yake ni kuuliza hesabu, na si kuifanya. Kaka yake naye hana cha kujivunia sana. Yeye huachiwa huru bila kuulizwa lolote, na kuachwa bila kuulizwa si kuachiwa jukumu, ni kutelekezwa.

Wala tusijifanye kwamba fikra hii imeletwa na meli kutoka ng'ambo. Amu ilikuwa mji wa wanafunzi kabla nchi haijawa na chuo kikuu hata kimoja. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akahamia hapa karne ya 19, aliwafundisha watu ambao wenye vyeo vya wakati huo hawakutaka kukaa nao darasa moja, wakiwemo watumwa na vizazi vyao, na Riyadha, msikiti na chuo alichoanzisha, ikawavuta wanafunzi kutoka pwani yote na visiwani. Hadi leo Maulidi yakija, wageni kwa maelfu hupokelewa, hulazwa na kulishwa, na kazi hiyo haijiendeshi. Wapo wanaogawiwa sufuria, wanaogawiwa vyumba, wanaogawiwa wazee wa kuwashika mkono wakiteremka bandarini. Wanafunzi ni miongoni mwao, na wali ukiungua inajulikana nani alikuwa jikoni.

Nenda Matondoni pia, kwa mafundi wa majahazi. Mwanagenzi haanzi na mkuku, uti wa chombo. Huanza kwa kuokota vigingi na kupokeza zana, akaja akaachiwa kutia kalafati kuziba nyufa za mbao, na makosa yake huonekana mara tu chombo kinapogusa maji. Siku fundi anapompa taruma, ubavu wa chombo, alichonge na kulilinganisha peke yake, mwenye jahazi ni wa kweli na bahari ni ya kweli. Linganisha na yale mafunzo ya nyanjani ya vyuo vyetu. Mwanafunzi hupelekwa ofisini kwa wiki kadhaa, hupewa kunakili makaratasi na kwenda kununua mahamri ya saa nne, msimamizi hutia sahihi kurasa zote kwa siku moja, na chuo kinamhesabu kuwa amejua kazi. Hakuna aliyethubutu kumpa kitu ambacho akikiharibu kitaharibika.

Miaka ya 1980 serikali ilijaribu njia yake: waliofaulu kwenda chuo kikuu walipelekwa kwanza NYS, Huduma ya Vijana kwa Taifa, kule Gilgil, wakakimbizwa mchakamchaka. Baadhi ya waliopitia huko huisifu hadi leo. Kuamshwa kwa filimbi alfajiri ni nidhamu, sikatai, lakini amri ikiwa ya mwingine, jukumu nalo ni la mwingine.

Sasa kuna Mtaala wa Umilisi wa shule (CBC), ambao umetaja kwa majina umilisi wa kimsingi saba, ukiwemo wa mawasiliano na ushirikiano, na ule wa uraia. Kundi la kwanza la mtaala huo linatarajiwa vyuoni mwaka 2029. Nimeiona miradi ya shule ambayo mwanafunzi aliagizwa atengeneze kitu na mzazi akalazimika kumlipa fundi akitengeneze. Tukienda hivyo, tutakuwa na stadi za maisha kwenye karatasi, kwa alama, na bado zitakuwa za mzazi.

Tena si kila anachojifunza kijana nje ya darasa ni cha kushangilia. Kamari ya simu imemaliza mikopo ya wengi kabla ya wiki ya tatu ya muhula. Siasa za wanafunzi nazo zilikuwa shule ya uongozi, na kwa kiasi fulani bado ziko hivyo, lakini marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yaliondoa kura ya moja kwa moja: wanafunzi huchagua wajumbe, na wajumbe ndio wanaowachagua viongozi. Kwa maoni yangu hapo tulikosea. Wapiga kura wachache ni rahisi kuwaweka hotelini usiku wa kuamkia uchaguzi. Anayeshinda hivyo naye amepata stadi, tena ya kudumu, na tutakutana naye akigombea wadi.

Uwezo huu una kazi gani Amu? Kumbuka mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050. Ripoti ya athari kwa mazingira ya mradi wa namna ile ni mamia ya kurasa za Kiingereza kigumu. Mtu lazima aisome, atafute ukurasa unaohusu maji ya moto yatakayorudishwa baharini, aulinganishe na sheria, aandike pingamizi kabla muda haujaisha, kisha aje akae na wazee awaeleze kwa Kiamu bila kuwadharau wala kutia chumvi. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi ule, na moja ya sababu kuu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Mahakama Kuu ya Malindi iliagiza wavuvi wa Lamu zaidi ya 4,000 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari.

Kesi kama hizi hazishindwi kwa shahada. Mvuvi wa Kizingitini anaijua bahari kuliko ripoti yoyote, na bila yeye hakuna ushahidi. Ila ushahidi wake lazima uandikwe: majina, vyombo, mitego, sehemu walizokuwa wakivua na sasa hawafiki. Lazima kuwe na kumbukumbu za mikutano zenye tarehe na sahihi. Mtu aliyefukuzana na alama zake zilizopotea, mwenye tabia ya kubaki na nakala iliyopigwa muhuri, anafaa sana hapo, awe alisomea ualimu au famasia.

Haya yote hayalipi deni la ajira, na sitaki yatumiwe kulifunika. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilizinduliwa tarehe 20 Mei 2021, na serikali iliahidi kuwafadhili vijana 1,000 wa hapa wasomee kazi za bandari. Waliosoma wana haki ya kuuliza kazi ziko wapi, na anayewajibu kwamba angalau wamepata stadi za maisha ajue anawatukana. Kijana mwenye daftari la kalamu nyekundu bado anatakiwa kula.

Lakini hata kabla ajira haijaja kuna nafasi ambazo haziko mikononi mwa serikali, na hizo tumezifunga wenyewe. Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti lazima yafike bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye vikao hivyo kipaza sauti huzunguka kwa wazee na kwa wanasiasa, na mhitimu wa uchumi amesimama nyuma akipiga picha. Kamati ya madrasa, kikundi cha akina mama, kikundi cha kusimamia ufuo: vyote vina katibu na mhazini, na mara nyingi ni walewale tangu kikundi kianze. Aliyesomea uhasibu, ambaye picha yake bado iko kwenye bango ukutani, huitwa kubeba viti. Akabidhiwe vitabu vya hesabu mwaka huu, na zikipungua shilingi mia mbili, aitwe mbele ya wanachama aeleze zilikokwenda.